Naomba ushauri: nitapataje nakala ya ripoti ya ukaguzi wa punda wetu hapa Amu?

Mkaazi wa Langoni

Assalaam alaykum ndugu zangu, na salamu kwa wasomaji wote.

Mimi nina punda watano mjini Amu, yaani Lamu, na kazi yangu, kama ilivyokuwa ya marehemu baba yangu, ni kubeba mchanga, mawe na saruji kutoka pale majahazi yanapoteremsha shehena hadi ndani ya mitaa ambako gari haliwezi kupita. Mwaka jana, siku chache baada ya Maulidi, walikuja maafisa watatu wa serikali wakasimama pale tunapopakia, wakawakagua punda mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao alimwondolea punda wangu mkubwa shogi, yaani tandiko la kubebea mizigo, akapitisha kiganja mgongoni kinyume cha manyoya, akamfungua kinywa kutazama meno, akainua kwato za nyuma, kisha akamtajia mwenzake maneno ambayo yule mwenzake aliyaandika kwenye fomu iliyokuwa na karatasi ya kaboni chini yake. Kwa hivyo nakala zilikuwa mbili, na mimi sikupewa hata moja.

Miezi miwili baadaye, mkandarasi niliyekuwa nikimbebea kwa muda mrefu aliniambia amesikia kwamba punda wa upande wetu walionekana na vidonda vibaya katika ukaguzi ule, na kwamba mwenye nyumba anayejenga hataki lawama. Kazi ikaenda kwa wengine. Punda wangu hawana vidonda, na siku ile hawakuwa navyo. Lakini nitasema nini, ilhali karatasi ninayo kwa kusikia tu?

Nimekwenda mara tatu katika ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Mara ya kwanza niliambiwa kwamba hizo ni habari za ndani ya ofisi. Mara ya pili mwenye faili alikuwa safarini. Mara ya tatu niliulizwa nazitakia nini, na kama mimi ni mwandishi wa habari, na kusema kweli nilikosa jawabu.

Ninaomba kujua: je, ripoti ya namna hii ni mali ya umma? Na kama ni ya umma, niidai vipi bila kuvunjiana heshima na mtu ambaye kila Ijumaa tunapeana mikono msikitini?

Baharia Mstaafu

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mimi ningekushauri uliache jambo hili. Unaitaka karatasi yako, sawa, lakini fomu zile hazikuandikwa za punda wako peke yao. Siku utakayoitoa hiyo hadharani, na za wenzako zitatoka, na wamo miongoni mwao maskini ambaye punda wake ana kidonda kwa sababu hana fedha za kununua shogi jipya, si kwa sababu ni katili. Mji huu una mitaa ya futi nne na masikio ya maili kumi. Mtafute mkandarasi, mwonyeshe punda wako mchana kweupe, aone kwa macho yake.

Wakili wa Pwani

Ndugu Mkaazi, namheshimu mzee wangu aliyenitangulia, na hofu yake nitaigusa hapa chini, lakini kwanza nijibu ulichouliza.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 ndiyo iliyoeleza namna haki hiyo inavyotumika, na ndani yake limo jawabu ulilolikosa pale dirishani: haki yako haitegemei sababu unayoitoa, wala haitegemei dhana ya afisa kuhusu sababu aliyodhani unayo. Ukiulizwa tena unazitakia nini, unaweza kusema kwa upole kwamba sheria haikulazimishi kueleza. Kujua kwamba hulazimiki kujibu si sawa na kukataa kujibu, na kwa mtu unayesali naye safu moja, nadhani kumweleza habari ya mkandarasi kutakufaa zaidi kuliko kumsomea vifungu.

Kosa lako, ukiniruhusu kuliita kosa, ni kwamba mara zote tatu ulikwenda na mdomo. Ombi la mdomo halina tarehe. Andika barua; sheria inakubali Kiingereza au Kiswahili, kwa hivyo usihangaike kutafuta wa kukutafsiria, na asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa huyohuyo. Ielekeze kwa afisa anayehusika na utoaji wa habari, ambaye kisheria ni mkuu wa taasisi yenyewe au yule aliyemkabidhi kazi hiyo. Peleka nakala mbili, moja wabaki nayo, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Kuanzia hapo wana siku 21 za kukujibu, na wanaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu iwapo habari ni nyingi mno au wanahitaji kushauriana na wengine. Kuwasilisha ombi hakuna ada. Wanachoweza kukutoza ni gharama ya kutoa nakala, isiyozidi gharama halisi.

Wakinyamaza hadi muda upite, kimya hicho sheria inakihesabu kuwa ni kukataliwa, nawe una siku 30 za kupeleka malalamiko katika Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Tume hiyo ina ofisi Mombasa, na ina mamlaka ya kuamuru habari itolewe.

Jambo jingine ambalo huwachanganya wengi ni kutojua ofisi ipi hasa ina faili. Jedwali la Nne la Katiba limeweka udhibiti na ustawi wa wanyama katika majukumu ya kaunti, pamoja na machinjio ya kaunti na kuzuia magonjwa ya wanyama, ilhali sera ya matibabu ya mifugo imebaki kwa serikali ya kitaifa. Maafisa watatu wanaweza kuwa wametoka ofisi mbili tofauti. Usiache barua yako ife kwa sababu hiyo, kwani ofisi isiyokuwa na habari hiyo inatakiwa kulihamisha ombi lako kwa ile iliyo nayo ndani ya siku tano. Na iwapo faili liko kaunti, ongeza katika barua Kifungu cha 96 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, ambacho nacho kinazungumzia haki hii waziwazi.

Sasa hofu ya mzee. Sheria inalinda faragha ya watu, na tangu mwaka wa 2019 tuna pia Sheria ya Kulinda Data. Omba majina ya wamiliki wengine yafutwe kabla hujapewa nakala. Hutaki kujua kidonda ni cha punda wa nani; unataka kujua kiliandikwa nini juu ya punda wako, na ni wangapi kwa jumla waliokutwa na vidonda.

Daktari wa Mifugo Mstaafu

Nimejaza fomu za namna hiyo kwa miaka mingi, ingawa si huko Lamu, basi nieleze ninachokijua, kwa sababu mara nyingi watu hunyimwa habari kwa kuomba karatasi isiyokuwepo.

Ukiandika kwamba unataka ripoti ya ustawi wa wanyama, karani atafungua kabati, hataona faili lenye jina hilo, na atakujibu kwa moyo safi kabisa kwamba haipo. Kilichopo huenda kikaitwa fomu ya ukaguzi, daftari la matibabu, taarifa ya ziara ya nje, au kimo ndani ya ripoti ya mwezi ambamo punda wote wa siku hiyo wamekuwa mstari mmoja. Eleza tukio: tarehe, mahali, idadi ya maafisa, wanyama waliokaguliwa, na kwamba uliona fomu ikijazwa kwa kaboni. Tukio halina jina mbadala.

Yale uliyoyaona yakifanywa yana maana yake. Kiganja kinyume cha manyoya hutafuta kidonda cha zamani, uvimbe na joto pale shogi linapokaa. Meno ni ya kukisia umri, kwa kuwa punda mchanga hatakiwi kubeba. Kwato ni za kutazama nyufa na uozo. Afisa makini hutazama pia chini ya mkia, kwani kamba inayozuia shogi lisiteleze mbele ndiyo inayokata ngozi, na wenye punda wengi hapafikirii. Mwisho mnyama hupewa alama ya unene, kwa kawaida kuanzia 1, ambayo ni mifupa mitupu, hadi 5, aliyenenepa kupindukia. Anayefaa ana 3. Ukiipata fomu yako, tazama alama hiyo na safu ya hatua iliyochukuliwa. Ikiwa safu hiyo iko wazi, au imeandikwa kwamba mwenye mnyama alishauriwa tu, basi hakuna aliyekushtaki kwa lolote chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo inataja waziwazi kosa la kumpakia mnyama mzigo kupita kiasi.

Nikumbushe pia kwamba kliniki ya The Donkey Sanctuary, ambayo imekuwapo mjini Amu tangu 1987, si ofisi ya serikali. Rekodi zake za matibabu ni jambo tofauti na fomu unayoitafuta. Lakini kama punda wako wametibiwa huko, hakuna ubaya kuomba kwa hisani maelezo ya punda wako mwenyewe, ukawa na karatasi ya pili ya kuweka kando ya ile ya kwanza.

Mama wa Mkomani

Mimi sina punda hata mmoja, ila wanapita chini ya dirisha langu tangu alfajiri, na wako wenye migongo ambayo huniondolea hamu ya chai. Naomba msilizungumze jambo hili kama kwamba ni la wenye punda peke yao. Je, na mimi naweza kuomba?

Wakili wa Pwani

Unaweza, Bi Mkubwa. Haki hiyo ni ya raia, si ya mmiliki. Wewe ungeomba jumla: walikaguliwa wangapi, wangapi walikuwa na vidonda, na ofisi ilifanya nini baada ya hapo.

Msafiri wa Siyu

Nasoma nikiwa ughaibuni, na nimekumbuka kisa cha Marekani kinachofanana na hiki kwa kinyume chake. Idara ya Kilimo ya huko ilikuwa ikiweka kwenye tovuti yake ripoti za ukaguzi unaofanywa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 1966: maabara, wanaozalisha mbwa wa kuuza, mabustani ya wanyama na maonyesho. Yeyote aliyekuwa na intaneti aliweza kuzisoma. Tarehe 3 Februari 2017 zikaondolewa, kwa hoja ya faragha, na watu wakaambiwa waombe moja moja kwa maandishi, njia ambayo huchukua miezi. Watetezi wa wanyama walikwenda mahakamani, kama ilivyotarajiwa. Kilichonishangaza mimi ni kwamba hata wafanyabiashara walitatizika, kwa kuwa baadhi ya majimbo yanayakataza maduka kununua mbwa kwa mzalishaji aliyekutwa na makosa, na mwenye duka angejuaje kama ripoti hazionekani? Mwisho wa mwaka 2019 Bunge lao likaagiza zirudishwe, na mwaka 2020 zikarudi.

Nimelitaja kwa ajili ya mzee wetu Baharia. Ripoti zilipofichwa, mzalishaji mwema na mbaya waliwekwa kapu moja, jambo ambalo ndilo lililomfika ndugu yetu wa Langoni.

Mkaazi wa Langoni

Nawashukuru nyote, na hasa daktari, kwa sababu niliporudi zizini nilitazama chini ya mkia wa yule punda mdogo nikakuta ngozi imeanza kuchubuka. Kamba nimeibadilisha kwa kitambaa kilichokunjwa, na siku nne hizi hajabeba.

Barua nimeiandika kwa Kiswahili, na sehemu yake kuu inasema hivi:

*“Naomba nakala ya fomu zote zilizojazwa katika ukaguzi wa punda wa kubeba mizigo uliofanywa na maafisa watatu penye materemko ya mchanga, mjini Lamu, katika tarehe iliyotajwa hapo juu, pamoja na ripoti yoyote iliyotayarishwa kutokana na fomu hizo. Majina ya wamiliki wengine yafutwe. Iwapo habari hizi ziko katika ofisi nyingine, naomba ombi hili lihamishiwe huko na nijulishwe.”*

Niliipeleka Jumatatu. Karani aliisoma mara mbili, akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na muhuri. Hakuniuliza nazitakia nini. Nakala yangu yenye tarehe nimeiweka ndani ya kopo la biskuti pamoja na hati ya nyumba. Swali langu la mwisho kwa wakili: siku 21 huhesabiwa pamoja na Jumamosi na Jumapili?

Wakili wa Pwani

Sheria imesema siku 21, haikusema siku za kazi. Hata hivyo, usiende siku ya ishirini na mbili asubuhi ukiwa umekunja uso. Ongeza siku mbili tatu, kisha andika ukumbusho mfupi, nao upigwe muhuri. Tume ikija kulitazama jambo hili, itapenda kuona kwamba ulikuwa mvumilivu.

Baharia Mstaafu

Nimeyasoma yote, na la faragha nimelielewa. Mimi pia nina punda wawili ambao walikaguliwa siku ile, ingawa hapo mwanzo sikusema. Mmoja alikuwa na kidonda begani, na bado nampa dawa. Ukijibiwa, niite tuisome pamoja kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha unionyeshe namna ya kuandika ya kwangu.