Vifo vya barabarani: kwa nini takwimu za polisi na za Shirika la Afya Duniani zinatofautiana hivi, na ni akina nani hasa wanaokufa?

Mjumbe wa Mtaa, Igoma

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kamati ya mtaa wetu hapa Igoma, Mwanza, imenipa kazi ya kuandaa maelezo ya kurasa mbili kuhusu ajali za barabarani, ambayo yataambatanishwa na barua yetu ya kuomba kivuko cha waenda kwa miguu kwenye barabara ya kwenda Musoma. Nilidhani ni kazi ya jioni moja: nichukue idadi ya vifo vya nchi nzima, nionyeshe kama inapanda au inashuka, kisha nieleze ni watu gani wanaokufa zaidi. Nimekwama hatua ya kwanza.

Katika salamu za kuukaribisha mwaka 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alilieleza taifa kwamba ajali 1,735 zilizotokea mwaka 2024 zilisababisha vifo vya watu 1,715, ikilinganishwa na vifo 1,647 vya mwaka 2023. Nikirudi nyuma zaidi naona kwamba nchi iliripoti vifo 4,002 mwaka 2013 na vifo 3,256 mwaka 2016. Mtu akiziweka namba hizo kwenye mstari mmoja atasema kwamba, ukiacha kupanda kidogo kwa mwaka wa mwisho, tumepunguza vifo kwa zaidi ya nusu. Sasa nikafungua ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018, nikakuta imekadiria kwamba waliokufa barabarani nchini mwetu mwaka 2016 walikuwa 16,252, yaani karibu mara tano ya idadi iliyoripotiwa. Siwezi kwenda mbele ya mhandisi na karatasi yenye namba mbili za mwaka mmoja zisizofahamiana.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie kujua ni namba ipi niitumie na mwelekeo wa kweli ni upi. Nauliza pia juu ya watu wenyewe, kwa sababu tangu nihamie mtaa huu nimehudhuria misiba mitatu ya waliogongwa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ndani ya gari.

Karani Mstaafu

Mjumbe, namba hizo hazigombani, ila kila moja imehesabiwa mahali pake. Nimefanya kazi ya kutunza kumbukumbu katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi, na nitakueleza pengo hilo linavyozaliwa.

Mfikirie kijana aliyeanguka na bodaboda kule Misungwi saa mbili usiku. Wenzake wanampakia kwenye pikipiki nyingine, mmoja mbele na mmoja nyuma akimshikilia, na wanamfikisha hospitali. Kesho yake kaka yake anakwenda kituo cha polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na pale kituoni kijana huyo anaandikwa kuwa ni majeruhi, jambo ambalo siku hiyo ni kweli. Siku ya tisa anafariki kwa jeraha la kichwa. Katika daftari letu la wodi ataandikwa amefariki, na sababu itakuwa jeraha la kichwa, mara nyingi bila neno lolote kuhusu pikipiki. Mwili utachukuliwa na ndugu na kwenda kuzikwa nyumbani. Polisi wa kituo kile watajuaje? Si kwamba wameficha kitu. Hakuna aliyewarudia. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mtu anayefariki ndani ya siku 30 kutokana na ajali anahesabiwa kuwa amekufa kwa ajali hiyo, lakini kipimo hicho hakina maana kama hakuna anayelifuatilia jina la majeruhi kutoka kituoni hadi wodini. Ongeza hapo wale ambao ndugu huwaondoa hospitali na kuwapeleka kwa mganga wa kuunga mifupa, na wale wa vijijini wanaokufa papo hapo na kuzikwa kabla askari hajafika, na utaona jinsi watu wanavyodondoka kwenye hesabu mmoja mmoja.

Namba kubwa nayo usiichukue kana kwamba kuna mtu aliyekwenda kuhesabu maiti 16,252. Ni makadirio. Pale ambapo usajili wa vifo wa nchi haujakamilika, wataalamu hutumia hesabu inayoangalia mambo kama idadi ya watu, wingi wa magari na hali ya huduma za afya, kisha wanapata kiwango kinachowezekana pamoja na ukingo wake wa chini na wa juu. Kwa hiyo makadirio hayo yanafaa kukuonyesha ukubwa wa tatizo, lakini hayafai kukuambia kama mwaka huu ni bora kuliko jana.

Kuna njia rahisi ya kuipima namba ndogo, ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Gawanya vifo 1,715 kwa idadi hiyo, utapata vifo chini ya vitatu kwa kila watu laki moja, kiwango ambacho kinatuweka jirani na Uswidi, nchi inayosifiwa duniani kote kwa usalama wa barabara zake. Nani aliyewahi kusafiri kutoka hapa hadi Shinyanga akaamini hivyo? Kisha watazame wenzetu tunaochangia nao ziwa hili. Mwaka huohuo wa 2024 Kenya iliripoti vifo zaidi ya 4,700 na Uganda zaidi ya 5,100, na nchi zote mbili zina watu wachache kuliko sisi. Lori linalovuka mpaka wa Kenya pale Sirari halibadiliki tabia likifika Tarime, na pikipiki za Kampala na za Mwanza zinatoka viwanda vilevile. Tofauti kubwa namna hiyo haielezwi na barabara peke yake. Lazima sehemu yake iwe katika kuhesabu.

Kuhusu mwelekeo, ningekushauri uandike kwa uangalifu. Idadi ya vifo inayotolewa na polisi imeshuka sana kati ya 2013 na 2024, na sioni sababu ya kukana kwamba udhibiti wa mwendo wa mabasi na askari wa trafiki kujaa njiani vimeokoa watu, hasa katika zile ajali kubwa za mabasi ambazo haziwezi kukosa kuandikwa. Ila kushuka huko kunawahusu zaidi wanaokufa mahali ambapo polisi wapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote vifo vilipungua kwa asilimia 5 kati ya 2010 na 2021, hadi kufikia milioni 1.19 kwa mwaka, wakati katika kanda yake ya Afrika viliongezeka kwa asilimia 17. Ni vigumu kuamini kwamba sisi tuko nje kabisa ya mkondo huo katika kipindi ambacho pikipiki zimejaa kila kijiji.

Mama wa Mwaloni

Nimesoma maelezo ya Mzee Karani na nimejifunza mengi, lakini naona swali la tatu la Mjumbe limeachwa nje kwenye jua.

Wanaokufa zaidi ni wasio ndani ya gari. Ripoti hizohizo za kimataifa zinasema kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani duniani ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda soko la samaki la Mwaloni kuchukua dagaa, na katika saa ile hakuna kitu kingine barabarani isipokuwa wanawake wenye mabeseni, vijana wa baiskeli wenye magunia, na fuso zinazokimbilia mzigo. Giza bado lipo, taa ni chache, na ukingo wa lami umeliwa na mvua kiasi kwamba mwenda kwa miguu anachagua kati ya mtaro na gurudumu. Ikifika saa moja wanatoka watoto wa shule. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri kati ya miaka 5 na 29 duniani, na ukisimama kando ya barabara asubuhi huhitaji mtu akufafanulie sababu.

Jambo jingine ambalo ningependa liingie katika maelezo yenu: wanaume wanakufa mara tatu zaidi ya wanawake, na wengi wanaokufa wako katika umri wa kufanya kazi. Sisi sokoni tunaijua takwimu hiyo kwa upande wake wa pili. Anayeuguza mguu uliovunjika kwa miezi sita ni mama au mke, na mtaji wa dagaa ndio unaokwenda kununua vyuma na dawa. Huyo mgonjwa hakufa, basi hayumo katika namba yoyote kati ya hizo mbili mnazozijadili.

Dereva wa Kijiwe, Buhongwa

Shikamoo Mzee Karani, shikamoo Mama. Nakubali kwamba sisi wa bodaboda tunakufa sana na tunaua pia. Utafiti wa majeruhi waliopokelewa hospitali ya Bugando, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba pikipiki zilihusika katika zaidi ya nusu ya ajali zao, na tangu hapo pikipiki hazijapungua. Nisichokubali ni maelezo ya kila mara kwamba sababu ni uzembe wa vijana, kisha mazungumzo yanafungwa.

Wengi wetu tunaendesha kwa mkataba. Kila jioni unapeleka hesabu ya fedha kwa mwenye pikipiki, mvua inyeshe isinyeshe, na ukimaliza miezi mliyokubaliana chombo kinakuwa chako. Ukilaza hesabu siku mbili unaweza kunyang'anywa pikipiki ukiwa umebakiza mwezi mmoja. Mtu wa namna hiyo atakesha barabarani, na akipata abiria wawili wanaokwenda njia moja atawapakia mishikaki ingawa anajua ni kosa. Mwendo wetu unapangwa na ile hesabu ya jioni. Hilo sijaliona katika ripoti yoyote.

Kuhusu kofia ngumu, ambayo sisi tunaiita helmeti, sheria inamtaka dereva na abiria wote waivae, na Shirika la Afya Duniani linasema ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa zaidi ya mara sita. Mimi ninazo mbili. Abiria anaishika, anainusa, anasema itamharibia nywele au itampa mba, anairudisha. Naomba Mama wa Mwaloni asichukie, lakini wateja wangu wa sokoni ndio wanaoongoza kwa kukataa.

Mama wa Mwaloni

Marahaba mwanangu. Ioshe, uweke na kitambaa safi ndani, nasi tutaivaa.

Fundi wa Barabara

Nitasema machache tu kwa sababu ya barua yenu. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma hadi Sirari ni barabara kuu, hivyo iko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara. Mkiipeleka barua TARURA, ambao wanashughulikia barabara za mitaa na za vijijini, mtazungushwa. Msiombe tuta peke yake. Katika barabara kuu mhandisi hupenda kuanza na rasta za kupunguza mwendo, alama, kivuko kilichochorwa na taa, na kama kuna nafasi, njia ya miguu iliyotengwa na lami kwa ukingo wa zege. Njia ya miguu iliyochorwa kwa rangi tu huwa maegesho ya bajaji ndani ya wiki moja.

Hoja yenu kubwa iwe mwendo. Mahali penye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na tofauti inayoonekana ndogo kwa dereva si ndogo kwa anayegongwa: gari likitoka kilomita 50 na kufika 65 kwa saa, hatari ya mwenda kwa miguu kufa huongezeka zaidi ya mara nne. Naliangalia jambo hilo kwa wasiwasi upande wa Kigongo pia. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, magari ya kwenda Sengerema na Geita ambayo zamani yalisimama kusubiri kivuko cha majini sasa yanapita moja kwa moja, na nyumba za kando ya barabara hiyo ziko palepale zilipokuwa.

Mjumbe wa Mtaa, Igoma

Nawashukuru nyote. Nimeamua kwamba nitaanza na idadi ya polisi, nikiieleza kuwa ni ya vifo vilivyoandikwa na kwamba imeshuka tangu 2013, kisha nitaweka makadirio ya Shirika la Afya Duniani pamoja na maelezo ya Mzee Karani juu ya majeruhi wanaofia wodini, na chini yake mfano wa Kenya na Uganda. Namba ya taifa haitachukua zaidi ya nusu ukurasa. Ukurasa wa pili wote utakuwa wa watu wa hapa.

Wakati naandika nilikumbuka kwamba hapahapa Igoma ndipo yalipo makaburi ya waliokufa katika kuzama kwa meli ya MV Bukoba, Mei 21, 1996. Kila mtu mzima wa mji huu anaijua tarehe hiyo. Wale watatu niliowazika mimi, waliogongwa kila mmoja siku yake, ilinibidi niulize kwa ndugu zao ili nipate hata mwezi.

Kwa hiyo tumekubaliana kamatini kufungua daftari. Tutapita nyumba kwa nyumba na kuandika kila aliyegongwa katika miaka mitano iliyopita, alikuwa anatembea au amepanda nini, saa ngapi, na kama alifia barabarani, hospitali au nyumbani. Jumatatu tutahesabu pia wanaovuka barabara mbele ya stendi. Mama wa Mwaloni, kwa kuwa wewe unaijua alfajiri ya barabara hii, ungeweza kuungana nasi?

Mama wa Mwaloni

Nitakuja, na nitakuja na wenzangu wawili. Ila mkahesabu kuanzia saa kumi na moja. Mkianza saa tatu, kama ilivyo desturi ya kamati, mtakuta tumeshavuka wote.