Batiki ya kijani imechuja kwenye kola nyeupe za wanakwaya. Nilikosea wapi?

batiki_mazimbu:

Habari zenu wakuu. Natengeneza batiki hapa Morogoro, mwaka wa nne sasa, na sijawahi kuaibika kama wiki hii. Kwaya ya mtaani kwetu iliniagiza magauni 24 ya batiki ya kijani yenye kola nyeupe. Nikagonga mihuri ya nta, nikatia rangi, nikachemsha nta ikatoka, fundi akashona. Jumapili walipendeza hadi machozi yakanitoka. Jumatatu wakafua. Jioni mama mwenyekiti akaniletea gauni moja kwenye mfuko: kola kama imesuguliwa kwa kisamvu, na mabegani limepauka.

Vipimo ni vilevile nilivyofundishwa. Mita nne za kitambaa, vijiko viwili vya rangi ya vati, kostiki soda kijiko kimoja, haidro (dawa ya unga ya kuivishia rangi ya vati) vijiko viwili, maji ya moto. Rangi yenyewe niliipenda mno, kwenye beseni ilikuwa kijani cha jani la mgomba na kitambaa kikatoka hivyohivyo. Nikaanika kivulini. Maji ya kutolea nta yalikuwa kijani, ila nikajua ni rangi ya juujuu tu.

Nitawarudia magauni yote kwa gharama yangu, nimeshawaahidi. Lakini nikirudia bila kulijua kosa nitakuwa nimetupa jora lingine. Wenzangu wananiambia niachane na vati nihamie rangi za kisasa. Naombeni msaada.

uzi_na_sindano:

Pole dada. Una hakika hicho kitambaa si tetroni? Kuna majora yanauzwa kwa jina la pamba na ndani mna mchanganyiko. Chomoa nyuzi chache uzichome. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini. Tetroni inajikunja na kuacha kidonge kigumu. Rangi ya vati haishiki kwenye hizo nyuzi za plastiki hata uombe. Na wanga wa kiwandani ulitoa kabla ya kugonga nta?

batiki_mazimbu:

Nimechoma sasa hivi, nyuzi za urefu na za upana. Jivu tupu. Wanga huwa natoa kwa kuchemsha na sabuni na magadi.

mzee_wa_chumba_cha_rangi:

Binti, jibu umelitoa mwenyewe ila umelipita. Umesema beseni lilikuwa kijani. Halikutakiwa kuwa kijani.

Nimefanya kazi chumba cha rangi kiwandani miaka 19. Ile kijani ya vati inayouzwa sana iligunduliwa Scotland mwaka 1920, na tabia yake ni hii: ikiiva kwenye beseni inakuwa bluu. Kitambaa kinatoka bluu, kikikutana na hewa kinageuka kijani ukiwa unakitazama. Unga wa vati kwa asili yake hauyeyuki majini. Haidro ikishirikiana na kostiki ndiyo inaugeuza ukayeyuka, ukapenya ndani ya uzi. Halafu hewa inaurudisha ulivyokuwa, unanasa humo humo. Ndiyo maana vati iliyoiva inastahimili jua, sabuni, hata klorini kuliko rangi nyingi.

Yako haikugeuka. Ulikipaka kitambaa unga wa kijani, ukakaa juu ya uzi kama vumbi. Sehemu ulitoka kwenye maji ya nta, sehemu ukahamia kwenye kola. Mimi namshuku haidro. Uliiweka wapi, na kwa muda gani?

batiki_mazimbu:

Shikamoo mzee. Masika yote nilikuwa namuuguza mama, sikufanya kazi. Haidro ilibaki kwenye mfuko wa nailoni nilioufunga fundo, kwenye banda la uani. Nimeenda kuiangalia, imeshikana mabonge na inachoma pua.

mzee_wa_chumba_cha_rangi:

Marahaba. Basi imekufa hiyo. Haidro ikipata unyevu inaharibika, na mbaya zaidi inaweza kupata joto yenyewe ikawaka moto. Itoe bandani leo, isikae karibu na nta wala mafuta ya taa. Nyingine nunua kidogo kidogo, weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko unaobana.

Kabla hujaloweka kitambaa kizima, yeyusha rangi pamoja na kostiki na haidro kwenye maji ya moto kidogo, chovya kipande cheupe cha pamba. Kikitoka bluu na kikageuka kijani, endelea. Kikitoka kijani moja kwa moja, simama. Na kostiki ndiyo inamiminwa kwenye maji. Usije ukamwaga maji juu ya kostiki, itakurukia usoni.

rangi_baridi_nbo:

Mimi niko Nairobi, nilihamia rangi za riaktivu. Nazo si za jana, zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1956. Uzuri wake zinajiunga na pamba yenyewe kwa magadi tu, kwenye maji yasiyo ya moto, kwa hiyo nta haiyeyuki na mistari inabaki mikali. Haidro huihitaji kabisa, wala kostiki. Shida ni kwamba sehemu ya rangi inajiunga na maji badala ya kitambaa, na hiyo ni lazima uisuuze yote. Mimi nasuuza hadi maji yawe meupe, mara sita au saba, na maji kwetu nanunua. Ukishatia magadi, hiyo rangi uitumie siku hiyohiyo. Kwa kola nyeupe ningebaki na vati kama mzee alivyosema, riaktivu isiyosuuzwa vizuri ingekuletea aibu ileile.

batiki_mazimbu:

Asanteni sana. Nimenunua haidro mpya nusu kilo, nikachukua kipande cha mabaki ya kola. Kimetoka bluu kabisa, bluu ya daftari. Nikakishika kwa vidole viwili vya glavu, kijani kikaanza kwenye pindo, kikateremka hadi katikati. Nimekifua kwa sabuni pamoja na kitambaa cheupe na kile cheupe hakijaguswa.

Mzee, swali moja la mwisho: yale magauni ya zamani nikiyachemsha na sabuni hadi unga wote utoke, naweza kuyatia rangi upya yakiwa yameshashonwa?

mzee_wa_chumba_cha_rangi:

Utaweza, ila nta ya kuchora maua upya utaigongaje juu ya mishono? Na fundi ameshonea uzi gani? Kama ni wa polista utabaki na rangi yake ya sasa. Kola zifumue kwanza. Jaribu gauni moja, utuletee majibu.