Riwaya za ajabu na za kisayansi kwa binti wa kidato cha pili: nianze na ipi kati ya hizi tatu?

MamaWaRau (Moshi)
Habari za jioni wadau. Binti yangu yuko kidato cha pili. Akimaliza upimaji mwezi wa kumi na moja, Desemba tunapanda Marangu kwa bibi yake kama kawaida yetu, na kule mtandao ni wa kubahatisha, hivyo nataka awe na kitabu. Anapenda mambo ya uchawi, falme za kubuni na safari za angani. Hadithi za mapenzi hazitaki kabisa. Nimetajiwa vitatu: Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi, Akata Witch cha Nnedi Okorafor, na Binti cha huyohuyo Okorafor. Kwa sasa nanunua kimoja tu. Kiingereza chake ni cha mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili: darasani anakwenda vizuri, ila kitabu kinene kinamchosha. Mliovisoma naombeni mwongozo.

MsomajiNjiro (Arusha)
Mama, vyote vitatu nimevisoma, na kwa mtoto uliyemweleza ningechukua Akata Witch bila kusita.

Binti ndicho kifupi kuliko vyote, hakifiki kurasa mia moja. Kilitoka 2015 na kikachukua tuzo za Hugo na Nebula. Msichana wa Kihimba, bingwa wa hesabu, anatoroka kwao kwenda chuo kikuu kilichoko sayari nyingine, na hata huko angani anaendelea kujipaka otjize, ule udongo mwekundu wa kwao uliochanganywa na mafuta. Ni kizuri mno. Lakini ufupi wake usikudanganye. Mwandishi hakai chini kueleza: unajikuta ndani ya chombo, katikati ya hesabu na vifaa usivyovijua, na mapema tu abiria karibu wote wanauawa na viumbe waitwao Meduse. Mtoto anayepambana na lugha anaweza kufika katikati asijue nani ni nani.

Children of Blood and Bone (2018) kinapita kurasa mia tano. Kuna mateso yameandikwa waziwazi, na mapenzi yamo, hilo binti alijue mapema.

Sasa Akata Witch, cha 2011. Sunny ana miaka 12, kazaliwa Marekani kwa wazazi wa Nigeria, na sasa familia imerudi Nigeria. Anagundua kuwa ana nguvu za ajabu na kuingizwa kwenye jamii ya siri ya watu wa Leopard. Kilichonishika mimi ni pesa za watu hao. Hazitafutwi kwa biashara: ukijifunza jambo ukalielewa kweli, zinadondoka kutoka hewani, vipande vya madini viitwavyo chittim, na vya shaba vina thamani kuliko vya dhahabu. Kwa hiyo Sunny anahangaika na jambo gumu, linamwingia akilini, na papo hapo chittim zinaanguka miguuni pake. Binti yangu mkubwa alipofika hapo alinifuata jikoni kunisomea kwa sauti.

KijanaPasua (Moshi)
Dada Njiro nakuheshimu, lakini Children of Blood and Bone umekipitia haraka sana. Nilikisoma nikiwa kidato cha tatu na ndicho kitabu cha kwanza cha Kiingereza nilichokimaliza bila kulazimishwa na mtu. Wasimulizi ni watatu, ndiyo, Zélie, Amari na Inan, ila kila sura ina jina la anayesimulia juu yake, hupotei. Tena sura ni fupi. Mfalme Saran ameua waliokuwa na uchawi, akiwemo mama yake Zélie, na kuna tambiko la kuurudisha ambalo lazima likamilike kabla ya siku yake kupita. Muda wote watu wanafukuzwa! Mimi sikuuona unene. Mtoto anayependa mbio na vita atakimaliza kabla hamjashuka kutoka Marangu.

MwlSakina (Arusha)
Nafundisha Kiingereza sekondari, nichangie upande wa lugha. Unene si kipimo kizuri. Mpe ukurasa mmoja wa katikati, asome bila kamusi, kisha akusimulie kwa Kiswahili kilichotokea. Hata kama maneno kadhaa hayajui, akiweza kusimulia, kitabu kinamfaa. Akianza kukutajia neno mojamoja bila kisa, mwache kwanza.

Kwa kipimo hicho, wanafunzi wangu wengi hupita vizuri kwenye The Hunger Games cha Suzanne Collins (2008). Katniss anasimulia mwenyewe, kwa wakati uliopo, sentensi zake za mkato. Ni hadithi kali: vijana 24, wawili kutoka kila wilaya kati ya wilaya 12, wanatupwa uwanjani wauane hadi abaki mmoja. Kwa mtoto mwoga sishauri.

Kati ya vitatu vya mama, nami nasema Akata Witch. Kuna maneno ya Kiigbo humo, yasimtishe, ayasome tu na kuendelea.

BabaNgarenaro (Arusha)
Kuna jambo hamjalitaja. Sunny ni mwenye ualbino. Mwanangu pia ana ualbino, na ndiyo sababu nilikitafuta kitabu hiki. Sunny anapenda mpira ila jua linamzuia, anasubiri jua lizame ndipo acheze. Mwanangu alisoma hapo akanyamaza, akarudia ukurasa uleule. Vitabu vingine vyote alivyosoma vinamweka mtu kama yeye awe wa kuhurumiwa. Hapa ndiye shujaa, wenzake wanamtegemea.

Mambo mawili mzazi ayajue. Baada ya Sunny kuingizwa kwenye ile jamii, jua haliwi tena tatizo kwake. Hapo nilikaa na mwanangu nikamwambia kofia, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua haviachwi, ile ni hadithi. La pili, adui wao, Black Hat Otokoto, anateka watoto na kuwaua. Kwa nchi yetu, ambako wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo, sehemu hizo ni nzito. Nilisoma pamoja naye na simzuii mtu yeyote kukinunua, ila msimwache mtoto wa hali hiyo akisome peke yake usiku.

ShangaziMajengo (Moshi)
Baba Ngarenaro, Mungu akukuzie kijana.

Mbona wote mmekimbilia Kiingereza? Huyo binti yuko likizo, apumzike na Kiswahili pia. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert: liwali anawachapa manyani wawili kila usiku, na manyani hao ni ndugu zake wa damu. Kuna majini humo, kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Ni kijitabu chembamba, unakimaliza kwa siku moja ya mvua. Akitaka anga, Walenisi cha Katama Mkangi (1995): Dzombo amehukumiwa kifo, chombo cha angani kinamfikisha kwenye nchi inayoishi kwa usawa. Hicho kina siasa nyingi, kimsubiri afike kidato cha nne. Adili ningempa leo.

MamaWaRau (Moshi)
Asanteni sana, sikutegemea majibu ya kina namna hii. Nachukua Akata Witch, na Adili nitakiulizia maktaba ya mkoa nikiazima niongezee. Kijana wa Pasua usikasirike, chako kitafuata akifaulu. Baba Ngarenaro, nimekuelewa, nitatangulia kusoma mwenyewe. Swali la mwisho: nasikia kina mwendelezo. Je, akisoma cha kwanza tu ataachwa njiani?

MsomajiNjiro (Arusha)
Hapana mama, cha kwanza kina mwisho wake. Akinogewa, kuna Akata Warrior (2017) na Akata Woman (2022), avisome kwa mpangilio huo. Angalizo moja ukienda dukani au kwa wauza mitumba: Nigeria na Uingereza kitabu hichohicho kilitolewa kwa jina la What Sunny Saw in the Flames. Ukikiona, ni kilekile, usije ukanunua vyote viwili ukidhani ni mwendelezo.