Jina la Etxeberria linaeleza nini kuhusu nasaba ya mjukuu wangu?

Bibi wa Wete aliandika:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba, na suala langu linahusu jina la watu wa mbali ambalo sasa limeingia nyumbani kwangu. Binti yangu ameolewa na kijana wa Kibaski kutoka Gipuzkoa, kaskazini mwa Hispania, na mtoto wao ameandikwa kwa desturi ya huko: jina lake mwenyewe, kisha jina la ukoo wa baba, kisha la ukoo wa mama. La baba ni Etxeberria. La mama wakaandika Hamad, kwa kuwa ndilo lililokuwa la mwisho katika pasi ya binti yangu, ingawa sisi tunajua kuwa Hamad si ukoo bali ni babu yake tu, mzee aliyekuwa na mikarafuu yake Mtambwe. Marehemu amekuwa ukoo huko Hispania bila ya kuulizwa.

Mwezi uliopita walimpima mtoto vinasaba kwa mate, na binti yangu akanisomea majibu kwa simu. Nusu kamili imeandikwa kuwa ni ya Wabaski. Nusu ya pili sehemu kubwa ni ya Afrika ya Mashariki, na kuna mafungu madogo ya Uajemi na Bara Hindi. Mkwe wangu alifurahi akasema kwamba hilo linathibitisha jina lake, na kwamba akina Etxeberria wote duniani ni watu wa babu mmoja. Mimi nilinyamaza kwa heshima, lakini sikuridhika. Naomba anayejua anieleze jina hili lina maana gani, na kama kweli jina na damu vinakwenda pamoja kama anavyodai.

Mzee wa Mwembetanga alijibu:

Waalaykum salaam, Mwalimu. Nilifanya kazi melini miaka mingi na bandari ya Bilbao naijua, kwa hiyo nitaanza na jina, kwani hilo ndilo jepesi. Katika Kibaski, etxe ni nyumba na berri ni mpya, na hiyo tx husomwa kama ch yetu. Mkweo basi anaitwa Nyumbampya. Kwa maandishi ya Kihispania jina hilohilo huandikwa Echeverría, upande wa Ufaransa, ambako nako wapo Wabaski, utalikuta kama Etcheverry, na hata Javier au Xavier ni lilelile, limechakaa tu kwa kupita katika ndimi za watu wengine. Padri Francis Xavier, aliyezaliwa mwaka 1506 katika ngome ya Xavier huko Navarra, alilichukua jina la ngome hiyo, na mwaka 1542 jahazi lake lilitia nanga Malindi likiwa njiani kwenda Goa. Kwa hiyo jina la mjukuu wako si geni sana katika bahari hii kama unavyodhani.

Karibu majina yote ya Wabaski ni ya mahali. Mendizabal ni mlima mpana, Ibarra ni bonde, Goikoetxea ni nyumba ya juu, na Bolívar ni bonde la kinu. Sasa jiulize, ni kijiji gani ambacho hakikuwahi kujengwa nyumba mpya? Kila bonde lilikuwa na Etxeberria yake, na kila nyumba hiyo ikatoa watu wake. Sisi hapa mjini tuna Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri na Mwembemakumbi, na sijasikia mtu akidai kwamba wakazi wa mitaa hiyo ni ndugu kwa sababu wote wametajwa kwa mwembe. Dai la babu mmoja, Mwalimu, liweke pembeni.

Kuhusu damu yenyewe, nilivyosikia ni kwamba Wabaski ni mabaki ya watu wa Zama za Mawe ambao hawakuchanganyika na mtu yeyote, na ushahidi wake ni lugha yao, ambayo haina ndugu hata mmoja duniani.

Binti Chwaka alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Maelezo ya jina nimeyapenda, lakini hilo la mwisho naomba nilirekebishe kwa adabu, kwa sababu nafanya kazi maabara na jambo hili nimelifuatilia. Ni kweli kwamba Kibaski hakina lugha nyingine inayojulikana kuwa ni ndugu yake, na ni kweli pia kwamba Wabaski wana watu wengi mno wenye kundi la damu la Rhesus hasi, jambo ambalo kwa muda mrefu liliwafanya wataalamu wawaone kuwa ni masalia ya wawindaji wa kale kabisa. Mifupa ya kale ilipoanza kupimwa, picha ikageuka. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa mifupa ya pango la El Portalón, huko Atapuerca karibu na Burgos, na wale waliofanana zaidi na Wabaski wa leo walikuwa wakulima wa awali, yaani watu ambao asili yao kubwa ni ya wahamiaji waliokuja na kilimo kutoka upande wa Anatolia, wakachanganyika na wawindaji waliowakuta.

Utafiti mwengine wa mwaka 2019 ulionyesha jambo la ajabu zaidi. Kufikia mwaka 2000 hivi kabla ya Masihi, asilimia 40 ya asili ya watu wa rasi ya Iberia ilikuwa imebadilishwa na watu waliokuwa na asili ya nyika za Ulaya ya Mashariki, na kromosomu Y, ile ambayo baba humpa mwana wa kiume peke yake, ilibadilishwa karibu yote. Wabaski hawakusalimika. Zaidi ya wanaume wanane kati ya kumi wa Kibaski leo wana kromosomu Y ya kundi la R1b, ambalo liliingia na wageni hao. Lugha za wageni wa nyikani ndizo zilizoenea takriban Ulaya nzima, lakini hapa watoto walichukua Y ya baba mgeni na wakaendelea kusema Kibaski.

Upekee wa Wabaski ulitokea baadaye. Tangu Zama za Chuma walijitenga, na mchanganyiko ulioletwa na Warumi na watu wa Afrika ya Kaskazini katika sehemu nyingine za Hispania uliwagusa kidogo sana. Utafiti wa mwaka 2021 uliona tofauti hata baina ya wilaya na wilaya za Wabaski wenyewe, zikifuatana na tofauti za lahaja. Kwa hiyo, Bibi, neno "Mbaski" katika majibu ya mjukuu wako maana yake ni kwamba nusu ya vinasaba vyake inafanana na ya watu ambao wazee wao wote walizaliwa huko. Hakuna chombo cha maabara kilichosoma jina Etxeberria ndani ya mate ya mtoto. Angeitwa Ibarra, majibu yangetoka vilevile.

Na kwa kuwa mkweo anapenda vipimo, mwambie kwamba kromosomu Y ya mtoto ni yake yeye mkwe, lakini mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vyenye vinasaba vyake vyenyewe, ambazo hupita kwa mama tu, ni zako wewe, Bibi, na za mama yako, na za mama yake mama yako.

Msomaji wa Usiku aliandika:

Basi angalau Y na jina vinakwenda pamoja, maana vyote viwili hutoka kwa baba. Au nimekosea?

Mzee wa Mwembetanga alijibu:

Binti Chwaka, marahaba, nimesahihishwa na nimeridhika. Wewe Msomaji, hapo ndipo penye utamu. Kwa Wabaski wa zamani nyumba ndiyo iliyokuwa na jina, na mtu aliazima kwa nyumba. Shamba halikugawanywa baina ya watoto, bali lilirithiwa zima na mtoto mmoja, ambaye angeweza kuwa wa kike, na katika sehemu za upande wa Ufaransa alikuwa ni kifungua mimba, akiwa mwanamume au mwanamke. Binti aliyerithi Etxeberria alileta mume kutoka nyumba nyingine, na huyo bwana baada ya kuhamia aliitwa na majirani kwa jina la nyumba ya mkewe, na watoto vilevile. Jina lilibaki palepale huku Y ikibadilika. Walioachwa bila ya urithi wakaondoka, wengine kwenda Amerika, wakichukua jina la nyumba waliyozaliwa.

Mambo yalianza kutulia pale makanisa yalipotakiwa kuandika ubatizo na ndoa, baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliomalizika mwaka 1563, na Hispania haikuwa na usajili wa kiserikali wa nchi nzima hadi mwaka 1871. Huko Araba, mkoa mwengine wa Wabaski, wapo hadi leo wenye majina ya mtindo wa López de fulani, yaani mwana wa Lope wa mahali fulani, jambo ambalo sisi tuliozoea "fulani bin fulani al-Barwani" hatuhitaji kufafanuliwa.

Upande wa Lapurdi na Nafarroa Beherea, sehemu za Wabaski zilizoko Ufaransa, nyumba nyingi zina jiwe juu ya mlango, limechongwa majina ya mume na mke waliojenga pamoja na mwaka. Nilipoliona moja nilisimama nikacheka peke yangu, nikakumbuka milango ya Mji Mkongwe iliyochongwa aya na mwaka wa Hijria. Tena sisi wenyewe tunaposema watu ni wa mlango mmoja au wa tumbo moja, tunasema nini kingine?

Mwana wa Kizimkazi aliandika:

Naongeza kidogo kuhusu lile fungu la Uajemi, kwa sababu naona limepitwa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani yetu na bara yake, wengi wao kati ya mwaka 1250 na 1800, katika miji kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Asili ya Kiafrika, ambayo kwa wengi ilizidi nusu, ilitoka zaidi kwa wanawake, na asili ya Kiasia ilitoka zaidi kwa wanaume wa Kiajemi, pamoja na kiasi cha Kihindi, na mchanganyiko ulianza kiasi cha mwaka 1000. Msikiti wa kwetu Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, kwa hiyo nyakati hazigombani. Lakini nisba ya Shirazi, yaani jina la mtu wa mji wa Shiraz huko Uajemi, ilikuja kubebwa na watu wengi sana, kwa kuzaliwa, kwa kuoa na kwa kukaa pamoja, na wapo Washirazi ambao kipimo hakitawaonyesha Uajemi wowote. Lugha, tena, ilibaki ya upande wa mama. Mkwe wa Bibi akija Pemba ataikuta khabari ya kwao imesimuliwa kwa Kiswahili.

Bibi wa Wete aliandika:

Nimesoma yote mara mbili, na sehemu ya nyumba nikamsomea binti yangu, naye akamfasiria mama mkwe wake palepale mezani. Bibi huyo alishangaa kwamba tulihitaji kuuliza. Alisema kijijini kwao hakuna anayewaita Etxeberria isipokuwa tarishi wa posta na daktari. Nyumba yao inaitwa Goikoetxea, ilikuwa ya bibi yake marehemu mumewe, na huyo Etxeberria alikuwa ni kijana aliyeoa hapo, ametoka bonde la pili na sanduku moja la nguo. Majirani wanamwita mjukuu wangu "yule mdogo wa Goikoetxea".

Mkwe wangu alikuwapo, na binti anasema alitafuna mkate kimya kwa muda. Kisha akauliza kama Mtambwe ile nyumba ya mzee Hamad bado imesimama, na kama ilikuwa na jina. Nimemjibu kwamba imesimama, ukuta wa nyuma umeanguka, na watu waliiita Kwa Bi Mkubwa, kwa sababu kiwanja kilikuwa cha mkewe.