Tuzo ya usuluhishi wa kimataifa: mahakama ichunguze au igonge muhuri tu?

Wakuu, kuna wanaotaka mahakama ya nchi ikipelekewa tuzo ya usuluhishi wa kimataifa (yaani uamuzi wa wasuluhishi ambao pande mbili zilikubaliana wamalize mgogoro wao badala ya mahakama) isihoji kitu. Mdai alete tuzo na makubaliano ya usuluhishi, jaji aikazie (aamuru itekelezwe), mdaiwa alipe. Napinga.

Mkataba wa New York wa 1958, unaozitaka nchi zitambue na kukazia tuzo hizi, wenyewe umeacha milango, ingawa ni myembamba. Ibara ya V inaruhusu kukataa pale ambapo hapakuwa na makubaliano halali, mtu alinyimwa nafasi ya kujitetea, jopo la wasuluhishi lilivuka mipaka ya mamlaka yake, au tuzo inakiuka sera ya umma (misingi mikuu ya nchi husika). Kwamba msuluhishi alikosea sheria, hilo halimo, na ni sawa lisiwemo.

Tazameni kesi ya kampuni ya Dallah dhidi ya Pakistan. Kampuni hiyo iliingia mkataba wa makazi ya mahujaji Makka na taasisi iliyoundwa na serikali ya Pakistan. Taasisi ikafa, kampuni ikaidai serikali, ambayo haikuwa imetia saini. Jopo lililoketi Paris likaipa kampuni zaidi ya dola milioni 20. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakataa kuikazia tuzo hiyo. 2011 Mahakama ya Rufani ya Paris ikagoma kuibatilisha. Na zote zilipima kwa sheria ya Ufaransa! Wengi wanaona ni aibu sheria moja kutoa majibu mawili. Mimi nauliza: asiyetia saini atasikilizwa wapi, kwa jopo lilelile analosema halina mamlaka juu yake?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umechagua kesi inayokubeba. "Sera ya umma" ni kichaka cha serikali zisizotaka kulipa. Unashinda baada ya miaka ya gharama, halafu unaanza upya mbele ya majaji wa huyohuyo mdaiwa. Usuluhishi wa nini sasa?

Mtoa mada:
Kichaka kipo, majaji wakifyeke. Ila usisahau kesi ya Nigeria na kampuni ya P&ID. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Uingereza iliruhusu tuzo ambayo kampuni hiyo ilipewa dhidi ya Nigeria ikaziwe. Mwaka 2023 mahakama hiyohiyo ikaibatilisha, ikisema ilipatikana kwa udanganyifu, rushwa ikiwemo. Pamoja na riba, deni lilishapita dola bilioni 11. Wasuluhishi hawakuugundua udanganyifu huo.

Kuhusu ucheleweshaji, Ibara ya VI inayo dawa: tuzo ikipingwa kule ilikotolewa, mahakama inaweza kuahirisha ukaziaji na, mdai akiomba, kumwamuru mdaiwa aweke dhamana. Anayepinga kwa hila hatapenda fedha zake zishikiliwe.

Mchangiaji wa pili:
Na serikali isiyo na fedha za dhamana, ila ina hoja ya kweli?