Nikaange kahawa kiasi gani kwa mkupuo mmoja? Nusu kilo imeniharibikia

BintiMatengo: Wakuu, habari za jioni. Niko Nkuhungu, Dodoma. Kaka amenitumia kwa basi kilo 5 za kahawa mbichi, arabika ya Mbinga, kutoka shambani kwa baba. Najua mikono iliyoichuma, sitaki ipotee.

Jumamosi nilimwaga nusu kilo kwenye karai la maandazi, jiko la mkaa, uani. Nimekoroga dakika 35 mpaka bega likauma. Za chini zimeungua, za juu zina rangi ya majani makavu. Nikang'ata moja iliyoonekana imeiva: nje nyeusi, ndani manjano, ngumu kama kokoto. Nyumbani tunakunywa wawili tu, mimi na mama mkwe. Nipunguze hadi wapi? Robo? Gramu 100? Nikikaanga kidogo sana nitashinda jikoni kila siku.

Kijiwe_Majengo: Pole sana dada. Mkono wako hauna kosa, kahawa imelizidi karai. Kahawa mbichi bado ina maji ndani. Ukiimwaga nyingi, chuma kinapoa na mkaa unachelewa kukirudisha, basi inajipika kwa mvuke wake badala ya kukaangika. Mimi ya kuuza nakaanga kilo nzima, ila sinia langu pana na mkaa umetapakaa chini yake kote. Usifuate kilo yangu. Tazama karai lako: punje zikipandana zaidi ya mbili, zimezidi. Anza na gramu 200.

MpimaUzito: 200 naiunga mkono. 100 kwenye karai hilo ni kidogo mno, kila punje inakaa juu ya chuma muda wote, inaungua nje kabla ya ndani kuiva. Na ukishachagua uzito, kaa nao. Leo 200 kesho 300, hutajua kosa ni la moto au la wingi. Pima, andika dakika, kisha pima tena ikishapoa. Hupungua kama asilimia 15 hivi, kwa hiyo utapata karibu gramu 170. Kwa gramu 60 kwa lita, hizo ni karibu lita 3, wawili mnaweza kwenda nazo siku kadhaa. Iliyobaki iache mbichi, inatunzika vizuri kuliko iliyokaangwa.

Mwana_Chamwino: Umesema uani? Upepo wa huku unapuliza mkaa upande mmoja, upande wa pili unalala. Kinga kwa bati. Ila ukishaipua, upepo huohuo ni msaada: mwaga kwenye ungo, pepeta, maganda yanaruka na kahawa inapoa upesi. Ikibaki karaini inaendelea kuiva.

Kijiwe_Majengo: Na usiitwange siku hiyohiyo, iache ilale.

BintiMatengo: Mrejesho, wakuu. Gramu 200, bati upande wa upepo. Dakika ya 9 ikaanza kulia pa, pa, kama bisi. Ya 12 nikaipua, rangi moja karai zima. Imetoka gramu 169. Nimeitwanga leo asubuhi. Mama mkwe kanywa kikombe cha kwanza kimya, kisha akakisogeza kwenye birika mwenyewe. Asanteni sana. Nimebaki na kilo 4 na gramu 300, yaani mikupuo 21 na kidogo. Jumamosi naweka wa pili, uzito uleule.