Tupeane uzoefu: ni kitu gani ndani ya riwaya ambacho ukikiondoa, hadithi inaporomoka?

Mwanzisha mada

Ndugu wasomaji na waandishi, nawasalimu. Tunapojadili riwaya, aghalabu tunaanza na wahusika, dhamira na mandhari, na vitu walivyonavyo wahusika tunavipita kana kwamba ni mapambo tu. Mimi naamini kuwa kitu hakiwi hai katika hadithi kwa kuelezwa rangi na umbo lake. Kinakuwa hai pale watu wawili wanapokidai, au mmoja wao anaponyang'anywa. Kiko cha Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) kinamtambulisha vizuri mpelelezi wetu, lakini ukikiondoa, kisa kinabaki kilekile. Naomba kila mmoja aeleze kitu, au mkusanyo wa vitu, uliomkaa akilini katika kusoma, kufundisha au kuandika kwake, na aseme kinafanya kazi gani.

Mchangiaji, Unguja

Kwangu jibu ni *By the Sea* ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2001. Nimekulia Mji Mkongwe katika ukoo uliokuwa ukinunua na kuuza samani kuukuu, kwa hiyo Saleh Omar, mwenye duka la samani, hakuwa mgeni kwangu. Mzee huyu anatua Uwanja wa Gatwick kuomba hifadhi, na katika mzigo wake mdogo mna kisanduku cha udi wa daraja la juu, alioupata miaka mingi nyuma kwa Hussein, mfanyabiashara wa Kiajemi kutoka Bahrain aliyekuja na pepo za msimu. Ofisa wa uhamiaji anamnyang'anya kisanduku hicho. Msomaji asiyezaliwa katika nyumba inayofukizwa udi huenda akaona kuwa ni manukato tu yaliyopotea. Mimi ilinibidi nikiweke kitabu chini kwa muda, kwa sababu kwetu chetezo huletwa mgeni anapoingia, na mtu aliyepokonywa udi wake amepokonywa uwezo wa kuwa mwenyeji huko aendako.

Hata hivyo, kitu kinachobeba ugomvi wa riwaya nzima ni meza ya mpingo. Saleh Omar anamuuzia Hussein, naye Hussein anamzawadia kijana Hassan. Kisha, kwa njia ya deni na hati ya nyumba, meza inaishia tena mikononi mwa Saleh Omar, na Latif, mdogo wake Hassan, anatumwa akiwa mtoto kwenda kuiomba na anarudi mikono mitupu. Miongo kadhaa baadaye Latif na Saleh Omar wanakutana Uingereza, kila mmoja na kisa chake kuhusu meza hiyohiyo. Wazee wangu dukani walikuwa na adabu ya kutomuuliza mtu kwa nini anauza kitanda cha mama yake. Niliiheshimu adabu hiyo na bado ninaiheshimu, lakini tangu nilipoisoma riwaya hii najua kwamba kila kilichopita mlangoni petu kilikuwa na upande wa pili wa kisa ambao hatukuusikia.

Mchangiaji aliyesoma Uturuki

Ndugu wa Unguja umeeleza kitu kimojakimoja. Mimi nizungumzie mkusanyo. Orhan Pamuk, mwandishi wa Kituruki, alichapisha riwaya ya *Masumiyet Müzesi* mwaka 2008, na mwaka 2012 akafungua jumba la makumbusho halisi lenye jina hilohilo katika mtaa wa Çukurcuma, Istanbul. Riwaya ina sura 83, na kila sura ina kabati lake la maonyesho. Vitu hivyo vya kawaida alianza kuvikusanya katika miaka ya 1990, kabla riwaya haijakamilika, kwa hiyo mara nyingine kitu ndicho kilichoizaa sura.

Kemal, msimulizi, anampenda Füsun, na kwa miaka mingi anakwenda kula chakula cha jioni kwa wazazi wake huku akiiba vichupa vya chumvi, sanamu za mbwa za kauri zilizokaa juu ya televisheni, na vipisi vya sigara alizovuta mwanamke huyo. Nilipokuwa nikisoma nilimhurumia. Niliposimama mbele ya ukuta wenye vipisi 4,213, kila kimoja kimechomekwa pini na kuandikiwa maneno machache chini yake, huruma ilinitoka ikaingia hofu, kwa kuwa mwenye midomo ile hakuulizwa hata mara moja kama anataka kuhifadhiwa namna hiyo. Naona mkusanyo katika riwaya hutueleza zaidi habari za mkusanyaji kuliko za yule anayedaiwa kukumbukwa.

Mwalimu wa fasihi, magharibi mwa Kenya

Nitasema kwa ufupi. Katika *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora, kitu hicho ni mswada wa mhusika Amani, ulioibwa na Mwalimu Majisifu na kuchapishwa kwa jina lake. Huwaagiza wanafunzi waufuate mswada huo kutoka mkono hadi mkono kabla hawajaandika neno lolote kuhusu maudhui, na hapo hata mwanafunzi asiyependa kusoma huanza kubishana.

Mchangiaji, Tanga

Mimi ni mwandishi wa hadithi fupi. Ninayoiandika sasa imejengwa juu ya sanduku la kanga la mama mkubwa, kanga ambazo hakuzivaa, kila doti ikiwa imenunuliwa kwa sababu yake: harusi ya binti, kuzaliwa kwa mjukuu, ugomvi na jirani ambao jina la kanga liliumaliza bila yeye kufungua kinywa. Rasimu ya awali iliziorodhesha zote. Nimebakiza tatu, na mvutano umekuwa mkali zaidi, kwa sababu baada ya arobaini mabinti wawili wanaidai ile ya ugomvi, na kila mmoja anaamini kuwa maneno yale yalimlenga mwenzake.

Mchangiaji, Lamu

Kwa heshima yako, mwanzisha mada, naleta pingamizi. *Al-Inkishafi* ni utenzi wala si riwaya, lakini hakuna kazi ya Kiswahili iliyovitumia vyombo vizuri kuiliko. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba za mabwana wa Pate, zilizopangwa sahani za kauri, zinaonyeshwa zikiwa makao ya makinda ya ndege. Hapo hakuna anayedai wala anayenyang'anywa, wenyewe wameshakufa. Kazi yote inafanywa na nafasi iliyoachwa wazi.

Mwanzisha mada

Shukrani kwenu nyote. Pingamizi la Lamu ni zito, nami naona linakwenda pamoja na udi wa Saleh Omar, ambao nguvu yake inaongezeka baada ya kuchukuliwa. Kwa awamu ijayo napendekeza tusome *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Gurnah iitwayo *Paradise*, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Humo bidhaa zinasafirishwa kwa msafara hadi bara, na katika hesabu hizohizo za biashara yumo Yusuf, mtoto aliyechukuliwa na mfanyabiashara kwa deni la baba yake, akawekwa dukani pamoja na Khalil, ambaye naye alitangulia kuwekwa rehani. Ningependa waliokwisha kuisoma waanze kwa kutueleza ni wapi hasa Yusuf anatambua kuwa amehesabiwa pamoja na mali.